Mukwe Yangu Ananifundisha Kucheza na Nyeusi

Siku ya kwanza ya juma, 22 mars 1993

Niko na mwanaume mu depo ya bunga. Bunga yenyewe hakuna, njo maana nafasi iko.

Ni mukwe yangu, bwana ya mutoto yangu Stéphanie. Alifika asubui sana kwa njia ya nyuma, akakanyaga shamba yangu yote ya sombe. Shati imepasuka ku bega. Mu mukono sanduku ya mbao, kitu ingine hapana. Jana bajeunesse, bijana ya parti, balivunja nyumba yabo mu quartier ya bakarani. Banasema Ba-Kasai, bantu bote benye asili ya jimbo ya Kasai, barudie kwabo. Kwabo wapi? Uyu alizaliwa hapa Kolwezi! Baba yake alichimba ku mine ya Mutoshi mbele bababa ya hao bajinga bajue kuoga.

Bengine banabafukuza tu mupaka ku gare, bakangoye treni. Yee banamutafuta na jina. Alikuwa karani, alikataa kubapa funguo ya bureau. Kichwa nguvu! Sasa jina yake iko ku karatasi, na benye kuwa ku ile karatasi habafike ku gare.

Stéphanie na mutoto yabo Shekina bako Lubudi kwa mudogo yangu. Nilibatuma mapema, Mungu alinisukuma. Treni ya Kasai inapita kule. Yee anapanda hapa, beye banapanda Lubudi, banaenda bote watatu. Kama hapandi hapa... siandike ile.

Nilimufungulia depo. Mi niliangalia ukuta, yee aliangalia chini. Ni bukwe. Mama mukwe na mukwe habaangaliane mu macho, habakule pamoya, habapeane mukono. Jina yake ata hapa siandike. Ni Tata ya Shekina, ni kusema baba yake, inatosha.

Siku ya mbili, 23 mars

Nilimuachia bukari ya kula ku mulango, nikagonga, nikakimbia. Mwanamuke wa miaka makumi sita na tatu anakimbia mu nyumba yake mwenyewe!

Nakumbuka siku ya ndoa. Nilisema mbele ya bantu: Katanga nzima ilikosa mwanaume, mupaka mutuletee Mu-Kasai? Yee alisikia. Stéphanie alilia mu robe yake nyeupe. Nyuma ya pale bukwe ilinisaidia. Miaka munane sikuzungumuza na yee, na bantu banasema: ona mama wa heshima! Heshima. Ilikuwa chuki, nimeivalisha kitambala.

Siku ya ine, 25 mars

Tangu jana nasikia mu depo: tok. Tok. Kimya. Tok. Nikasema, uyu anavunja ukuta yangu ao amepata wazimu. Nikafungua bila kugonga. Amekaa chini, sanduku imefunguka, kumbe ni mbao ya échecs, ile muchezo ya mufalme na baskari. Anacheza yee na yee. Cavalier moya nyeupe, ile ya kichwa ya farasi, ilipotea, aliweka kifuniko ya bière.

Nikamuambia (naangalia ku bati): bantu banasikia ile kelele mupaka ku njia!

Akasema pole, Mama. Kiisha akasema pole pole kabisa, macho chini: mu hii muchezo, Mama, muntu haangalie mwenzake. Anaangalia mbao tu.

Nilikalia ndoo.

Majina nilishika haraka. Roi ni mufalme, dame ni bibi yake, tour ni munara, fou ni ile ya kofia ya ncha, cavalier ni farasi, pion ni baskari badogo ya mbele. Ku kaye hii, daftari yangu, niliandika yote; kusoma na kuandika nilijifunza ku paroisse nikiwa tayari bibi kizee, lakini kichwa yangu ilikuwa haijakufa. Nikamupa nyeupe? Apana, nilikamata nyeupe mi. Nikatuma dame yangu mbele, piga huku, piga kule. Nilikula pion tatu! Kiisha roi yangu ikafa. Mara mbili. Mara tatu.

Akasema: Mama, unacheza vile unaongea.

Na akacheka. Miaka munane sikusikia kucheka ya ule muntu. Anacheka na pua, sawa mbuzi. Ni kucheka ya Shekina! Mi nilizania mutoto aliipata kwetu.

Siku ya tano, 26 mars

Anasema nikamate nyeusi. Mweusi anacheza nyuma, kwa hiyo anapaswa kujua kungoya. Nikamuambia sijapata kungoya kitu mu maisha yangu. Akasema: nimeona, Mama.

Iko defanse moya, namna ya kujilinda, jina yake Karo-Kan. Naandika nisisahau:

Mweupe anatuma pion ya roi, hatua mbili. Usimurudishie sawa yake. Sukuma ile pion ya mbele ya fou ya upande wa dame, hatua moya tu. Kidogo! Kama muntu anasogeza kiti. Mweupe anatuma pion ya dame pembeni ya ile yake. Sasa wee unamuuliza: pion yako ya dame, hatua mbili. Akipita mbele na kiburi, usipige. Fou yako ya pale itoke inje KWANZA. Kiisha njo unafunga mulango na pion ya roi.

Haina sifa hii defanse. Ku cercle, ile klabu ya bakarani, bote balikuwa banarudisha pion ya roi mbele ya roi, pam, bapigane mara moya. Yee peke yake alikuwa anasogeza kiti. Balimucheka. Balisema ni muchezo ya bagonjwa. Lakini hawakumubomoa.

Siku ya mposho, 27 mars

Siku ya mposho! Mposho yenyewe, ile chakula ya kugawiwa ku kazi kila mwisho wa juma, ilikufa na kazi. Nilibadilisha kitenge moya na kopo mbili ya bunga.

Leo nilikosa sawa mutoto. Nilifunga mulango na pion ya roi, fou ikabaki ndani. Nikaona ni sawa tu, nimejificha muzuri. Akasema apana, Mama, ile fou imekufa na haijakufa. Inazeeka nyuma ya pion zake yenyewe. Nyumba nguvu ni nyumba yenye kuwa na muntu inje.

Yee aliangalia ukuta: depo haina dirisha.

Nilimuuliza nani tena alimufundisha hii mu Kolwezi. Akasema moya tu: Omer. Omer! Mutoto ya Mama Fidélie, jirani yangu, mulango kwa mulango. Alimufundisha miaka miwili ku cercle. Anacheza namna gani? Haraka, Mama. Na hasira. Lakini ana akili kupita mi.

Omer leo niliona ku bariere ya barabara. Amefunga kitambala nyekundu ku kichwa, ameshika fimbo ya chuma. Alinisalimia: jambo, Mama Mbayo. Heshima yote.

Siku ya yenga, 28 mars

Misa. Upande wa korali, bancs tupu: bengi ya korali balikuwa Ba-Kasai. Tulitoka na Mama Fidélie tukapita karibu na gare. Bantu bamelala chini ya masashi ya plastiki, sawa mizigo. Mwanamuke mumoya anachemusha majani sijue ya nini. Bengine bako pale tangu majuma tatu.

Fidélie akasema: beye njo balikuwa na bukubwa, sasa banaonja.

Mi sikujibu. Miye! Bote banajua kinywa yangu. Nilinyamaza juu ya muntu wangu wa depo, ni kweli. Lakini mwaka jana, depo tupu, Fidélie alisema hivi hivi, na nilinyamaza vilevile.

Siku ya tatu, 31 mars

Hakunishinda!

Alikamata nyeupe, mi nyeusi. Nilisogeza kiti. Nikauliza. Fou yangu ikatoka kwanza. Mulango ikafungwa. Alikuya na cavalier, alikuya na kile kifuniko, alikuya na dame, nilikaa tu! Mukono ilikuwa inaniwasha kupiga, nikaikalia. Tulibaki na roi mbili na pion chache, akasema nulle, Mama, hakuna mushindi. Akainua kichwa kidogo. Mi pia. Tuliangaliana kufika ku kidevu.

Nyuma ya pale tuliongea. Nilimuuliza mama yake alikuwa mama wa namna gani, sababu siku ya ndoa sikumuona. Akasema: mama alikufa siku ile ile nilizaliwa. Nililelewa mikononi mwa bashangazi, huku na huku.

Miaka munane sikuuliza. Nilizania ule mama alikataa kuya juu ya kiburi ya Ba-Kasai! Nilisema ile ku bantu. Kumbe muntu huyu, mu dunia hii, alipewa mama moya tu, siku ya kuoa. Na ule mama alimupa mugongo.

Sikucheza tena leo. Nilisema niko na moshi mu macho.

Siku ya ine, 1 avril

Stanislas alikuya, cheminot, muntu wa kazi ya treni, rafiki ya marehemu bwana yangu. Aliongea na mi ku mulango sawa muntu wa kuuliza chumvi. Treni ni siku ya mposho, saa kumi na moya ya mangaribi. Ana nafasi mu wagon ya nyuma, kati ya mizigo, na benzake bote banajua kunyamaza. Atakuya na velo saa nane, mukwe avae bleu de travail, nguo ya kazi, atapita sawa muntu wa rail. Amekwisha kutuma habari Lubudi kwa Stéphanie.

Siku mbili! Nilimuambia Tata ya Shekina kupitia mulango. Alisema asante na sauti ndogo, nikasikia anapanga bya échecs mu sanduku, moya moya.

Siku ya tano, 2 avril

Nimefanya ujinga. Nitaandika yote, hakuna mwenye kunisomea.

Mukwe hatoke ku nyumba ya mama mukwe bila kuku. Ni vile kwetu, ni vile kwabo. Na kuku haikatwe, inaletwa muzima, na firigisi yulu, na maji ya kunawa, mama anapiga magoti ku mulango. Miaka munane sikumupikia ile kuku. Kila mara nilipata sababu. Mara kuku inagonjwa, mara mi nagonjwa. Stéphanie alikuwa anajua, hakusema.

Nilikuwa na moya, yenye kutaga. Asubui nikaichinja. Niliwaza: kesho anaenda, Kasai ni mbali, nitakufa na hii deni ya bukwe ku shingo. Nilikuwa na furaha! Naimba mu jikoni sawa bibi-arusi. Nilisahau kabisa ni siku gani. Siku ya tano mu Kwaresima, siku ya kukataza nyama! Mi, mama wa Légion ya Maria, mwenye kufukuza batoto ya bantu juu ya kipande ya nyama! Harufu ikatoka, ikavuka njia.

Nimeibeba ku sinia, imefunikwa, nimepiga magoti mbele ya depo. Nasikia nyuma yangu: Odi.

Fidélie. Mulango ya jikoni niliacha wazi.

Akasema: nyama leo, Mama Mbayo?
Nikasema docteur ameniambia, niko na damu kidogo.
Akasema: mugonjwa anakula kuku muzima na shingo yake?
Nikasema: kila muntu na njaa yake.
Akaangalia magoti yangu chini ya simenti. Akaangalia maji ya kunawa. Akasema: na mugonjwa anajipigia magoti yee mwenyewe, ma?

Hakungoya jibu. Aliondoka na kunisalimia muzuri. Ile njo mubaya.

Mwanamuke mwenye kuchinja kuku ya mwisho mu Kwaresima na kupiga magoti ku depo, kila mama hapa anajua anamupigia nani. Ningeandika ku mulango na chaki ingekuwa sawa.

Yee alikula ndani. Hakujua kitu. Alisema ku mulango: Mama, firigisi nimeiona. Na sauti ikavunjika. Nilikaa ku ndoo mupaka miguu ikakufa ganzi.

Nilingoya miaka munane, na sikuweza kungoya siku moya.

Siku ya mposho, 3 avril

Naandika haraka.

Asubui nilimuambia yote, kuku na Fidélie. Akasema: Mama, ilikuwa kuku muzuri. Ningemupiga kofi, kama si bukwe.

Saa sita Omer aliingia. Peke yake. Aliacha fimbo inje, akavua viatu, mutoto mwenye kufundishwa. Nilikuwa nimeketi ku meza, na juu ya meza — mbao ya échecs! Tulikuwa tunacheza ya mwisho kupitia mulango, yee anasema ndani, mi nasukuma bya bote mbili huku. Nilisikia tu "Mama Mbayo, uko?" nikapata wakati ya kurudisha bya échecs ku mistari yabo. Kuficha, apana.

Omer akasema: Stanislas leo hatembee. Velo yake iko kwetu ku bariere.

Mi nilipanguza mbao na kitenge.

Akasema: Mama unacheza échecs?
Nikasema: ilikuwa ya marehemu.
Akasema: marehemu, Mungu amuhurumie, hakujua ata dame ya karata.

Akaketi. Akageuza mbao, nyeupe kwake, nyeusi kwangu. Akashika kile kifuniko ya bière, akakitazama sana, akakirudisha. Kiisha akatuma pion ya roi. Hatua mbili.

Nilijua. Nirudishe pion ya roi mbele ya roi, sawa bantu bote! Bibi kizee anacheza ovyo, mutoto anacheka, anaenda. Lakini ile sikujifunza nyuma yake inakuya nini. Na sikuwaza vizuri. Na mukono ilikwenda yenyewe. Pion ya mbele ya fou. Hatua moya.

Omer hakucheza. Alikaa na mukono yulu ya mbao. Mulango ya depo iko hatua tatu nyuma ya mugongo yake.

Akatuma ya dame. Nikauliza. Akapita mbele. Fou yangu ikatoka kwanza. Sikuweza kucheza ingine!

Akasema: nani alikufundisha hii, Mama?
Nikasema: nilizeeka tu.
Akasema, na si kwangu, na sauti ya yulu: hii mu Kolwezi nzima inachezwa na muntu mumoya. Kabasele (jina ni yee aliitaja, si mi). Alinipiga nayo miaka miwili, na kila mara kiisha alinipa mukono, nisichoke moyo.

Alitoa kile kifuniko mbele, akasimama. Alivaa viatu polepole sana, sawa muntu anahesabu tundu ya kamba. Ku mulango akasema: saa kumi nitarudi na benzangu, tutafungua kila kitu. Mama usiguse mbao. Ni zamu yako.

Akaokota fimbo, akaenda.

Tata ya Shekina alitoka. Anaangalia mbao. Anasema ni mutego, Mama. Muntu wa kukamata anakamata. Kama alitangaza saa, anataka nikimbie nyuma ku sombe, na kule bamesimama. Omer anajua kungoya, nilimufundisha.

Mi nasema: ama ametupa saa ine ya kwenda, na hakuwa na namna ingine ya kuitoa.

Hajue. Mi pia sijue. Omer nilimubeba ku mugongo miezi mitatu, Fidélie akiwa ku hopital. Sijue ndani yake. Na huyu nilimukataa, namujua kuliko ule.

Saa nane na nusu sasa. Ku gare ni saa moya ya kutembea. Stanislas, kama balimunyanganya velo tu na iko bado muzima, anangoya ku wagon ya nyuma. Lubudi banangoya.

Nyuma hatupite. Tutapita ku barabara, mbele ya bariere, mu jua. Nimetoa bleu ya marehemu mu malle ya nguo, inamukaa. Nimejifunga kichwa sawa mugonjwa. Nitaegemea mukono yake, na kichwa ku bega. Banatafuta mukwe ya Mama Mbayo. Mama mukwe na mukwe hapa pote hawashikane, ata mukichaa anajua! Bataona mama mugonjwa na mutoto wake wa tumbo anamupeleka ku hopital. Ku bariere hii batoto balitoka mu bijiji, hakuna mwenye kumujua ku uso isipokuwa Omer. Na Omer — tutajua Omer.

Nilimuambia toa mukono. Ameketi ku ndoo, amefunika uso. Mama, anasema, bastola niletee, lakini ile apana. Kukushika mbele ya bantu! Ni laana. Shekina ataulizwa.

Nilipiga kelele. Nilibembeleza. Nilisema mi njo nilianza ile ukuta, si bababu, basi mi njo naivunja. Anatikisa kichwa tu. Analia sawa mwanaume, bila sauti.

Nimemuambia: naandika mistari tano, kiisha tunatoka, na haya ao bila haya. Nimesimama mbele yake, kaye ku kiuno, mukono ya kushoto iko inje inangoya. Hii ni mustari ya ine. Hajainua kichwa.